Shahada ya lishe au ya maendeleo ya mtoto na familia: binti ana B- lakini Kemia ni C, tufuate njia ipi?

MwalimuWaKisauni aliuliza:

Assalaam aleikum, na wengine nyote nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Kisauni, Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa 14 darasani. Binti yangu wa kwanza alifanya mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari akapata B- ya pointi 56, na kwa kuwa muda wa kuomba nafasi za vyuo vikuu kupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi hizo, umekaribia, nimeona niulize kabla hatujachagua jambo litakalotutia majuto. Matokeo yake ni haya: Kiingereza B+, Kiswahili B, Biolojia B, Sayansikimu B-, Hisabati C+, Elimu ya Dini ya Kiislamu C+, na Kemia C.

Tangu alipokuwa mdogo amekuwa akifuatana nami darasani kila shule yake inapofunga mapema kuliko yetu. Watoto wanapokunywa uji wa saa nne, yeye ndiye anayekaa na yule asiyekunywa mpaka ajue sababu. Mwaka juzi tulikuwa na mtoto wa miaka minne aliyekuwa akisinzia kila siku kabla ya saa tano, nami nikadhani kwamba kwao wanachelewa kulala. Binti yangu ndiye aliyegundua kuwa mtoto yule alikuwa akifika shuleni bila kutia kitu kinywani, na kwamba uji tuliompa alikuwa akinywa nusu tu, nusu nyingine akiimimina katika chupa ya maji aliyoificha mkobani ili ampelekee mdogo wake nyumbani. Jambo hilo lilinishika sana, maana mtoto huyo nilikuwa nimemtazama muhula mzima bila kumwona.

Basi anataka kusoma kitu kitakachomwezesha kumfaa mtoto wa namna ile, lakini hatujui kama mlango ni shahada ya lishe, au shahada ya maendeleo ya mtoto na masomo ya familia, au ile ya elimu ya utotoni ambayo mimi mwenyewe naijua kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ndugu yangu mmoja ananiambia kwamba masomo ya familia ni kozi ya kupika na kushona, na kwamba nitakuwa nimetupa pesa. Mwingine ananiambia kwamba kwa Kemia ya C asisumbuke hata kuomba lishe. Naomba aliyepita njia hizi anieleze masharti ya kuingia yanahesabiwaje, na baada ya shahada mtu anatambuliwa na nani.

MtaalamuWaLishe_Likoni alijibu:

Wa aleikumu salaam, mwalimu. Nimefanya kazi ya lishe katika hospitali na kliniki za upande huu wa kivuko kwa miaka tisa, kwa hivyo nitalijibu lile la lishe kwa urefu, na yale mengine nitawaachia wanaoyajua.

Jambo la kwanza ni kutenganisha vitu vitatu ambavyo wazazi wengi huvichanganya. Kuna alama ya jumla, ambayo kwa shahada hapa Kenya ni C+ kwenda juu, na hiyo binti anayo na ziada. Kuna pointi za klasta, ambazo ndizo KUCCPS huzitumia kupanga nani apate nafasi pale waombaji wanapozidi nafasi. Halafu kuna alama ya chini ya somo moja moja, na hapo ndipo Kemia inapouliza swali lake.

Hesabu ya klasta haina siri. Huchukuliwa masomo manne yanayohusiana na kozi, kila somo likiwa na pointi 12 kwa A, 11 kwa A-, na kushuka hivyo hivyo, ndiyo maana jumla ya juu kabisa ni 48. Jumla ya binti katika masomo hayo manne hugawanywa kwa 48, jumla yake ya masomo saba hugawanywa kwa 84, majibu hayo mawili huzidishwa pamoja, hutafutwa kipeo cha pili, kisha huzidishwa kwa 48. Sasa tuchukue lishe kwa Biolojia 9, Kemia 6, Hisabati 7 na Kiingereza 10. Hiyo ni 32. Thuluthi mbili ya 48 ni 32, na 56 ni thuluthi mbili ya 84, kwa hivyo klasta yake inatoka 32 kamili. Lau kozi ingekuwa inachukua masomo yake manne bora, yaani Kiingereza, Kiswahili, Biolojia na Sayansikimu, angepata 36 badala ya 32, na klasta ingepanda hadi karibu 33.9. Haya ni makadirio ya kalamu na karatasi. Pointi rasmi ataziona katika akaunti yake ya KUCCPS, na hizo ndizo za kulinganishwa na pointi za mwisho zilizoingiza watu mwaka uliotangulia katika kila chuo.

Kuhusu ile C ya Kemia, huyo aliyekwambia asiombe kabisa amekata tamaa mapema, ingawa sharti analolisema ni la kweli. Lishe ni taaluma inayosimamiwa kisheria. Sheria ya Wataalamu wa Lishe ya mwaka 2007 ndiyo iliyounda taasisi tunayoiita KNDI, na bila kusajiliwa nayo na kupewa leseni huwezi kufanya kazi ya mtaalamu wa lishe hata uwe na shahada ya rangi gani. Kwa sababu hiyo vyuo huangalia Biolojia na Kemia kwa jicho kali, na alama inayodaiwa imeandikwa katika maelezo ya kila programu. Fungueni programu moja moja, za vyuo vikuu vya Kenyatta, Egerton, Maseno, JKUAT na vinginevyo, msome mstari wa Kemia, na mkishaona kuwa C inatosha mahali fulani, waulizeni KNDI wenyewe kama programu hiyo ya chuo hicho wameiidhinisha. Fanyeni yote mawili kabla ya kulipa shilingi moja.

Nataka pia ajue kazi yenyewe inafananaje, maana kuipenda kwa mbali ni jambo jingine. Wiki chache zilizopita aliletwa mtoto wa miezi kumi na moja. Tunao ukanda wa kupimia mkono, mwembamba kama utepe wa fundi cherehani, wenye rangi tatu. Unatafuta katikati ya mkono wa juu wa kushoto, kati ya bega na kiwiko, unauzungusha bila kuubana wala kuulegeza, kisha unasoma kipimo kwenye kidirisha cha ukanda. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kuanzia hapo hadi kukaribia 12.5 ni manjano, kuanzia 12.5 ni kijani. Mtoto yule alisoma 11.2. Nikambonyeza migongo ya nyayo kwa kidole gumba kuangalia uvimbe, sikuuona, na hamu ya kula alikuwa nayo, kwa hivyo alitibiwa nyumbani kwa vile vipakiti vya siagi ya karanga yenye maziwa, ambavyo kimoja kina takriban kalori 500. Hiyo ndiyo sehemu ya Kemia na Biolojia, na hakuna kuikwepa, kwa sababu mtoto aliyekonda sana ukimlisha kwa haraka na kwa wingi unaweza kumuua, na lazima ujue ni kwa nini.

Lakini mama yake aliponieleza anachompa, alisema uji wa sembe tupu mara tatu kwa siku, na mbaazi ziko sufuriani kila asubuhi kwa sababu anauza mbaazi na mahamri mlangoni. Bibi wa mtoto ndiye aliyekataza, akisema mbaazi zitamvimbisha tumbo. Kilichotatua jambo lile ni kumwita bibi kliniki, kumsikiliza kwa heshima mpaka akamaliza, kisha kuponda kijiko kimoja cha mbaazi mbele yake na kumpa mjukuu. Chuoni nilifundishwa kiwango cha protini katika mbaazi. Namna ya kukaa na bibi nilijifunza kwa kuumia, na leo naona wale wenzangu waliochukua yuniti za maendeleo ya mtoto na za familia walianza kazi wakiwa mbele yangu.

BintiWaMtongwe alijibu:

Mwalimu, naunga mkono lile la kuuliza kabla ya kulipa, na naomba nikueleze yaliyonipata ili yasimpate binti yako.

Niliingia chuo fulani cha kibinafsi kusomea shahada iliyokuwa na neno lishe katika jina lake. Niliuliza mezani pale wanapopokea wanafunzi kama shahada hiyo itanipa leseni, nikaambiwa nisiwe na wasiwasi kwa kuwa mambo hayo hushughulikiwa mwishoni. Mwaka wa pili, tulipotafuta nafasi za mafunzo ya kazi hospitalini, ndipo tulipogundua kwamba programu yetu haikuwa imeidhinishwa na bodi ya taaluma, na hospitali zikatukataa. Nililazimika kuhamia kwingine na kuanza karibu upya, kwa sababu yuniti zilizokubaliwa kuhamishwa zilikuwa chache. Mamangu aliuza bangili zake mbili za dhahabu kwa karo ile, na mpaka leo naziona mkononi mwake mahali zilipokuwa.

Kwa hivyo usikubali jibu la mdomo. Andika barua pepe kwa chuo, uulize kama programu imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, yaani CUE, na kama imeidhinishwa na KNDI, halafu uwaandikie wahusika hao wawili swali lilo hilo. Majibu yakishafika, yachapishe na uyaweke pamoja na cheti cha kuzaliwa cha binti.

MwalimuWaKisauni aliandika:

Nawashukuru sana, na pole kwa mama, dada yangu. Tumefanya hesabu ile ya klasta mimi na binti juu ya mkeka jana usiku, ikatoka 32 kama ilivyoandikwa, na akafurahi kuona kwamba si mazingaombwe. Sasa tumebaki na upande wa familia na maendeleo ya mtoto. Je, ni kweli kwamba ni kupika na kushona? Na mtu akihitimu anafanya kazi wapi?

MhadhiriMstaafu_Makadara alijibu:

Mwanangu mwalimu, nimefundisha masomo haya kwa muda mrefu, na neno hilo la kupika na kushona nimelisikia kutoka kwa wazazi wa kila kizazi. Upishi na ushonaji umo katika historia ya fani, na si aibu, lakini shahada ya leo ya maendeleo ya mtoto na familia ina uti wa mgongo mwingine kabisa.

Sehemu ya kwanza ni ukuaji wa binadamu tangu mimba hadi uzee, na katika huo miaka ya mwanzo hupewa uzito mkubwa zaidi. Mwanafunzi husoma jinsi mtoto anavyoshikamana na mlezi wake, na hapa huwa nawakumbusha wanafunzi wetu kwamba sehemu muhimu ya elimu hiyo haikuzaliwa Ulaya. Mary Ainsworth, mmoja wa wanasaikolojia waliojenga nadharia hiyo, alifanya uchunguzi wake wa awali miaka ya 1950 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwatembelea akina mama majumbani na kuandika jinsi watoto wachanga walivyowafuata kwa macho, walivyolia walipoondoka na walivyotulia waliporudi. Baadaye ndipo alipoendeleza kazi hiyo Marekani.

Sehemu ya pili ni uchunguzi wa mtoto, na kwa maoni yangu ndiyo yuniti iliyo ngumu kuliko zote ingawa haina hesabu. Nilikuwa nawapeleka wanafunzi chekechea wakiwa na daftari, na kazi yao ilikuwa kumtazama mtoto mmoja kwa dakika kumi na kuandika anachofanya tu. Mwanafunzi huandika, “Mtoto ana hasira.” Mimi hukata. Nataka aandike kwamba mtoto alisukuma vifuniko vya soda mezani kwa kiganja, vitatu vikaanguka, akatazama mlangoni, akaviokota kimoja kimoja na kuvipanga vyekundu upande mmoja. Mwenye kuandika hivyo kwa muhula mmoja huanza kuona mambo ambayo mwenye kusema “ana hasira” hatayaona kamwe. Binti yako, kwa habari ile ya chupa ya uji, tayari anayo mbegu ya yuniti hii, na nasema hivyo nikimaanisha.

Sehemu ya tatu ni familia yenyewe pamoja na sheria zake na matumizi ya mali yake: bajeti ya nyumba yenye kipato cha kutwa, malezi, migogoro ya ndoa, utunzaji wa wazee. Kwetu Pwani mwanafunzi hawezi kuishia kwenye Sheria ya Ndoa ya 2014 na Sheria ya Watoto ya 2022 pekee, maana Katiba, katika kifungu cha 170, inatambua Mahakama za Kadhi katika masuala ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali kwenda huko. Mhitimu atakayekaa na mama aliyeachwa Majengo akiwa hajui mahakama hizo zinafanyaje kazi, atamshauri vibaya.

Ama kuhusu kazi, hapa lazima niwe mkweli kwako. Shahada hii haina bodi moja inayompokea mhitimu kama KNDI inavyompokea wa lishe. Wahitimu huenda katika mashirika ya watoto, makao ya kulelea, miradi ya malezi na maendeleo ya jamii. Akitaka kuwa mshauri nasaha, kuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inayotaka usajili wake. Akitaka kufundisha, Tume ya Huduma za Walimu inaangalia mafunzo ya ualimu, wala haitatazama neno “mtoto” katika jina la shahada. Elimu ya chekechea, kama unavyojua kuliko mimi, Katiba ya 2010 iliikabidhi kwa serikali za kaunti, na huko ndiko ajira yake inakotangazwa. Mtu anaweza kufika mbali kwa shahada hii, na nimewaona waliofika, lakini inamtaka ajue mapema atasimama wapi, kwa sababu hakuna leseni itakayomsimamisha.

Ushauri wangu ni lishe kwanza, ikiwa Kemia yake itakubaliwa, kisha achague yuniti za hiari za maendeleo ya mtoto kila anapopewa nafasi. Kutoka lishe kuelekea masomo ya familia katika shahada ya pili ni rahisi. Kutoka masomo ya familia kurudi lishe, mlango wa sayansi huwa umeshafungwa, na nimeona wengi wakilia nje ya mlango huo.

Msafiri_Ohio alijibu:

Mimi ni mtoto wa Old Town niliyesoma fani hii huku Marekani, na nimeona niandike kwa kuwa najua wapo wanaofikiria kuwaleta watoto huku.

Shahada ya kwanza huku kwa kawaida ni kredi 120, yaani kama kredi 15 kila muhula kwa mihula minane. Sehemu kubwa ya miaka miwili ya kwanza ni masomo ya jumla: uandishi, hisabati, sayansi, historia. Masomo ya fani hufuata, na mwishoni kuna mafunzo ya kazi yanayohesabiwa kwa saa. Kwa upande wa familia kuna cheti cha mwelimishaji wa maisha ya familia kinachotolewa na Baraza la Taifa la Mahusiano ya Familia, lililoanzishwa mwaka 1938. Cheti hicho kimegawa maarifa katika maeneo kumi, kuanzia ukuaji wa binadamu na matumizi ya rasilimali za familia hadi sheria, maadili ya kazi na mbinu za kufundisha elimu ya maisha ya familia. Chuo changu kilipanga yuniti zake kwa kufuata maeneo hayo kumi, na hilo lilinisaidia kuona shahada ikiwa na umbo.

Upande wa lishe masharti yamekazwa. Tangu tarehe 1 Januari 2024, mtu hawezi kufanya mtihani wa usajili wa mtaalamu wa lishe bila shahada ya pili, na kabla ya hapo lazima awe amemaliza angalau saa 1,000 za mafunzo chini ya usimamizi. Mzazi aliyepiga hesabu ya karo ya miaka minne, basi aipige upya kwa sita. Na mtoto akirudi nyumbani na cheti chake, atahitaji kutambuliwa na CUE, halafu KNDI nao watamtazama kwa masharti yao.

Nina neno moja kuhusu Kemia, kwa yule ndugu aliyesema ni kozi ya kupika. Fani hii, iliyoanza huku kwa jina la sayansikimu, ilianzishwa na mkemia. Ellen Swallow Richards alihitimu MIT mwaka 1873, akiwa mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika chuo hicho, na kazi yake ilikuwa kupima maji na vyakula katika maabara. Yeye ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa chama cha kitaifa cha sayansikimu kilichoundwa miaka ile ya 1908 na 1909. Kwa hivyo binti asiichukie Kemia wala asiione kama kizingiti kilichowekwa kumzuia. Ni lugha ya nyumba hiyo tangu siku ya kwanza.

MwalimuWaKisauni aliandika:

Allah awalipe kheri nyote. Tumesoma kila jibu kwa sauti, mimi, binti na baba yake. Tumepitia programu moja moja kama mlivyotuagiza, tukapata mbili za lishe ambazo kwa maandishi yake Kemia C inakubalika, na tumeziandikia KNDI na vyuo vyenyewe. Majibu yakifika mema, hizo ndizo zitakuwa chaguo la kwanza na la pili, kisha la tatu litakuwa maendeleo ya mtoto. Baba yake alikuwa akitaka chuo cha karibu ili binti alale nyumbani, lakini baada ya kusoma habari ya bangili alinyamaza kidogo, akasema kwamba afadhali basi la usiku kwenda Nairobi kuliko kurudia mwaka.

Ombi langu la mwisho ni kwa mtaalamu wa Likoni. Binti anauliza kama anaweza kuja siku moja kuona ukanda ule ukitumika, kabla hajathibitisha maombi yake.

MtaalamuWaLishe_Likoni alijibu:

Karibu sana, mwalimu. Nitamwomba ruhusa msimamizi wa kliniki, kisha nitakuandikia faraghani kukuambia mahali. Siku yetu ya watoto ni Jumanne, tunaanza saa mbili asubuhi, kwa hivyo akiwahi feri ya saa moja atafika kwa utulivu. Avae viatu vya kusimamia kutwa, aje na daftari lake, na kwa siku hiyo ya kwanza asiguse mtoto wala asitoe ushauri. Nitampa kiti karibu na mizani, na ninamwomba aandike kama mzee wa Makadara alivyoeleza, anachokiona tu, kisha mchana tutakaa chini ya mwembe tulisome pamoja.